Nifutieni Jina Langu Kwenye Barua Ile

Wanafunzi wenzangu, hasa mnaosomea ualimu wa sayansi,

Wiki ya pili ya muhula huu nilikuwa nimekaa kimbwetani nakula chipsi yai, ikaletwa karatasi. Ilikuwa barua ya kwenda kwa mkuu wa idara, imechapwa vizuri, na chini yake kuna mistari ya majina na sahihi. Ilisema hivi kwa ufupi: kozi ya kemia ya misombo ya koodinesheni iwe ya hiari kwa wanafunzi wa ualimu. Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, mada hiyo haimo katika yale tutakayofundisha sekondari. Pili, sisi tuna mzigo wa kozi za saikolojia, mbinu za kufundishia na masomo mawili ya kufundishia, wakati wenzetu wa sayansi tupu hawana. Tatu, kozi hiyo inatoa sapu nyingi.

Nilisaini. Sikusoma hata mara mbili. Nilifuta mafuta ya chipsi vidoleni nikaandika jina langu, namba 41.

Leo naandika kuomba jina hilo lifutwe. Najua baadhi yenu mtasema nimenunuliwa na idara, wengine mtasema najipendekeza. Semeni tu. Ila nisomeni kwanza hadi mwisho.

Mwaka jana nilikwenda kufundisha kwa vitendo katika shule moja ya kata. Nilipewa Kidato cha Tatu, mada ya moli. Kwenye zoezi la kwanza niliweka swali jepesi, hata mimi mwenyewe niliona nimewapa maksi za bure: tafuteni masi ya moli moja ya CuSO₄·5H₂O. Ni salfeti ya shaba yenye maji, yale mawe ya buluu ambayo bibi yangu aliyatunza kwenye kopo la maziwa akiyaita mrututu.

Nikasahihisha. Binti mmoja aliandika 14,400. Nikacheka peke yangu pale ofisini, kisha nikaangalia njia yake. Alitafuta CuSO₄ akapata 160. Alitafuta maji matano akapata 90. Halafu akazidisha, 160 mara 90. Mbona amezidisha? Kwa sababu kuna nukta katikati, na mwalimu wa hisabati amewafundisha kwamba nukta katikati ni kuzidisha. Hakukosea hesabu hata kidogo. Nikamwekea mkasi mwekundu, pembeni nikaandika “JUMLISHA”, jibu 250.

Kesho yake alinyoosha mkono. Somo linatakiwa kuwa la Kiingereza, lakini swali lililomkera mtu huja kwa lugha anayoiotea ndoto. Akauliza, “Madamu, kama ni kujumlisha, kwa nini wasiandike alama ya kujumlisha? Na hayo maji yanakaa wapi, mbona jiwe lenyewe ni kavu?”

Darasa zima likanyamaza kunisikiliza. Na mimi, mwanachuo wa mwaka wa pili niliyefaulu kemia Kidato cha Sita, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekremu “maji ya fuwele” kama mtu anavyokremu namba ya simu. Nikajibu, “Hiyo haimo kwenye silabasi yenu. Tuendelee.”

Akakaa chini. Kwa wiki zote zilizobaki hakuniuliza tena swali lolote.

Sasa turudi chuoni. Wiki ya sita ya muhula huu, kwenye kozi hiyohiyo tunayotaka tuikimbie, mhadhiri alionyesha ukutani picha ya muundo wa fuwele ya mrututu. Nilikuwa nyuma kabisa, nusu nimelala. Aliposema “tuhesabu maji” nikaamka.

Naomba niueleze muundo huo kwa namna ambayo ningemweleza yule binti, maana ndiyo hoja yangu yote.

Fikiria sinia la pilau. Sinia hilo ni ioni ya shaba. Molekuli nne za maji zimekaa kulizunguka kwa karibu, kama pembe nne za mraba, kila moja imegeuza oksijeni yake kuelekea shaba. Umbali kutoka shaba hadi oksijeni hizo ni kama pikomita 197. Juu na chini ya mraba huo kuna wageni wengine wawili, oksijeni za salfeti, ila hao wamekaa mbali zaidi, kama pikomita 240, wananyoosha mkono ndipo wafikie. Kwa hiyo shaba imezungukwa na oksijeni sita, nne za karibu na mbili za mbali. Na salfeti hizo hazishiki sinia moja tu. Kila moja mkono huu uko kwenye shaba hii, mkono mwingine kwenye shaba inayofuata, hivyo fuwele nzima inakuwa na minyororo ya shaba na salfeti, shaba na salfeti.

Hapo tumehesabu maji manne. La tano liko wapi? La tano halijafika kwenye sinia kabisa. Limekaa pembeni ya mkeka, limeshikana mikono na salfeti pamoja na maji ya jirani kwa vifungo vya haidrojeni. Shaba haliigusi. Lakini ukilitoa, mpangilio wa fuwele ile hausimami tena ulivyokuwa.

Ndiyo maana wanakemia wengine huandika [Cu(H₂O)₄]SO₄·H₂O. Ukiandika hivyo unaona mara moja kwamba yale maji matano hayafanyi kazi moja. Na nukta ile haizidishi wala haijumlishi. Nukta inasema tu, “hivi vinakaa pamoja katika fuwele moja kwa uwiano huu, vinakaaje ni habari nyingine.” Jiwe ni kavu kwa sababu maji yake hayatembei, kila molekuli ina kiti chake, na viti vinajirudia upande huu na ule mamilioni kwa mamilioni ya mara.

Hilo ndilo jibu. Halihitaji fomula hata moja ya kutisha. Mtoto wa Kidato cha Tatu analielewa kwa dakika tano. Ila mwalimu wake hawezi kulisema kama hajawahi kukutana nalo.

Sasa tuzichukue sababu za barua moja moja, maana sitaki nionekane napuuza wenzangu.

Sababu ya kwanza, kwamba mada haimo sekondari. Jamani, hii si kweli. Neno “koodinesheni” halimo, nakubali. Vitu vyenyewe vimo kila mahali. Fungua kazi za maabara za Kidato cha Nne, utambuzi wa chumvi. Unaweka myeyusho wa amonia kwenye chumvi ya shaba, inatokea mashapo ya buluu hafifu. Unaongeza amonia nyingi zaidi, mashapo yanapotea na unapata buluu iliyokolea ambayo hakuna mwanafunzi anayeisahau. Kilichotokea pale ni nini? Molekuli nne za amonia zimechukua viti vya karibu vilivyokuwa vya maji, vilevile kwenye mraba uleule. Tunafundisha watoto waandike “mashapo yanayeyuka kwenye amonia ya ziada, shaba imethibitika”, wanapata maksi, na hawajui wameona nini. Pasha mrututu kwenye neli ya kioo, unageuka mweupe. Dondoshea maji, buluu inarudi, na tunawaambia ni kipimo cha maji. Kwa nini buluu inarudi? Kwa sababu maji yamerudi kwenye viti vyake karibu na shaba, na ni ule mpangilio wa viti unaoamua shaba inyonye sehemu gani ya mwanga. Yote haya yamo sekondari. Kisichokuwemo ni maelezo, na maelezo ndiyo kazi ya mwalimu.

Tena kuna hasara ya shilingi. Mwalimu wa shule yetu ya kata anapata kemikali kwa kugombania. Akitaka kutengeneza lita moja ya myeyusho wa moli 0.1 anahitaji gramu 25 za mawe ya buluu, si gramu 16. Gramu 16 ni za unga mweupe usio na maji. Asiyejua kwamba maji yale ni sehemu ya mawe yenyewe, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, atapima 16, myeyusho utakuwa hafifu, na mwanafunzi ndiye atakayelaumiwa kwamba majibu yake hayakukaribia.

Sababu ya pili, mzigo. Hapa niko na nyinyi. Mzigo ni mkubwa, na sisi ndio tunaorudi hosteli usiku na maandalio ya somo mkononi wakati wengine wameshalala. Lakini mbona tunapotaka kupunguza mzigo tunapunguza upande wa somo tunalokwenda kulifundisha? Kuna maneno hapa chuoni yanayoniumiza: “Nyie walimu tu, hamhitaji kwenda huko ndani.” Tumeyasikia kwa wenzetu wa sayansi tupu, tumeyasikia hata kwa baadhi ya wahadhiri. Barua ile inayaandika maneno hayo kwa mkono wetu na kuyawekea sahihi zetu. Idara ikikubali leo, kesho watakuja na kozi nyingine, na mwisho tutakuwa na shahada ya kusimama mbele ya watoto na madesa.

Sababu ya tatu, sapu. Mimi mwenyewe nimeonja sapu, mwaka wa kwanza, kwenye hisabati, kwa hiyo siongei nikiwa juu ya kilima. Kozi hii ni ngumu, nakubali. Ila tujiulize, ugumu wake unatoka wapi? Tunapewa desa la kurasa sitini lenye majina ya maumbo, mraba bapa, pembenne, oktahedroni, na tunatakiwa tuyaone kichwani bila kuyashika mkononi. Tunaambiwa tu kwamba ioni ya shaba ina elektroni tisa kwenye obitali za d, hivyo oktahedroni yake inarefuka, na kwamba Jahn na Teller walieleza hilo mwaka 1937. Tunaandika, tunakremu, tunamwaga kwenye mtihani, tunasahau. Nikionyeshwa fuwele yenyewe, nikaona wageni wawili wamekaa mbali na sinia, ndipo naanza kuuliza kwa nini wamekaa mbali. Hapo majina ya Jahn na Teller yana kazi ya kufanya.

Elimu hii yenyewe haikuanza kwa watu wa madesa. Alfred Werner, mjini Zurich, alitoa nadharia yake ya misombo ya koodinesheni mwaka 1893 akiwa na miaka 26, miaka minne tu zaidi yangu. Alisema metali huzungukwa na majirani kwa idadi na umbo maalumu, na alifikia hapo kwa kufuatilia rangi na kuhesabu ni misombo mingapi tofauti inaweza kutengenezwa kwa vipande vilevile. Akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mwaka 1912 mjini Munich, Walter Friedrich na Paul Knipping walijaribu wazo la Max von Laue la kupitisha eksirei ndani ya fuwele, na fuwele waliyoanza nayo ilikuwa ya salfeti ya shaba. Ndiyo, mrututu. Wakapata madoa kwenye bamba la picha, na kwa madoa hayo ikathibitika kwamba eksirei ni mawimbi na kwamba ndani ya fuwele atomi zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia.

Muundo kamili wa mrututu, yaani nani amekaa wapi, ulikuja baadaye, mwaka 1934, kwa kazi ya vijana wawili wa Uingereza, Arnold Beevers na Henry Lipson. Hawakuwa na kompyuta. Mahesabu ya kazi ya namna hiyo yalikuwa marefu kiasi kwamba wakabuni vipande vya kadibodi vilivyoandikwa namba tayari, unavichomoa kwenye boksi, unavipanga na kujumlisha. Maboksi yale yalitumika katika maabara za nchi nyingi kwa miaka mingi. Na Beevers, baadaye akiwa Edinburgh, alianzisha karakana ya kutengeneza modeli za fuwele, vijiduara na vijiti, ili watu washike kwa mkono kile walichokuwa wakikisoma kwa namba.

Nimewataja hao ili mwone kwamba kadibodi na vijiti havikuwa aibu kwa wenye elimu yao. Sisi tuna kadibodi. Vijiti vya kuchokolea meno vinauzwa nje ya geti. Udongo wa mfinyanzi upo. Mrututu unapatikana, na unahitaji maji ya moto, glasi, uzi na subira ili ukue fuwele inayojaa kiganjani, yenye pande zilizoelea kama imekatwa na sonara. Tahadhari tu, ni sumu ukimeza, na mikono inawe. Hili nalo bibi yangu hakulijua alipokuwa akiupaka kwenye vidonda vyetu. Na kwa wenye simu, ipo hazina ya miundo inayoitwa Crystallography Open Database, ni ya bure, unapakua muundo na kuuzungusha kwa kidole. Wangapi kati yetu tumewahi kuonyeshwa? Mimi nilionyeshwa wiki ile ya sita, tena na mwenzangu wa mwaka wa tatu, si kwenye kipindi.

Kwa hiyo napendekeza tuandike barua nyingine, na hiyo nitasaini kwa kalamu mbili. Isidai kozi ifutwe kwetu. Idai mambo haya:

Kwanza, angalau vipindi viwili vya kozi vifanyike maabara, kila kikundi kikuze fuwele yake, kiipime, kiipashe, kipime tena. Gramu 2.5 za buluu zikibaki gramu 1.6 za unga mweupe, mwanafunzi ameyapima maji yale kwa mizani yake mwenyewe. Na akipasha taratibu ataona maji hayaondoki kwa mkupuo: molekuli mbili hutangulia, mbili hufuata, na ya mwisho hugoma hadi joto lipite nyuzi 200.

Pili, kila mwanafunzi wa ualimu ajenge modeli moja ya muundo wa fuwele kwa vitu vya mtaani, na modeli hiyo ihesabiwe kwenye maksi za muhula. Tukienda kufundisha kwa vitendo tuwe nayo kwenye begi.

Tatu, tupewe nafasi kwenye somo la mbinu za kufundishia ya kueleza mada kama hii kwa Kiswahili fasaha. Siombi tubishane leo kuhusu lugha ya kufundishia. Nasema tu kwamba swali la yule binti lilikuja kwa Kiswahili, na mwalimu asiye na maneno “fuwele”, “kifungo” na “mpangilio” mdomoni atalijibu kama nilivyolijibu mimi.

Nne, mzigo wetu upunguzwe kwa kuondoa marudio. Wote tunajua zipo kozi mbili za ualimu zinazofundisha malengo ya somo kwa slaidi zilezile. Tuanzie hapo.

Mwakilishi wetu wa darasa ameniambia, “Dada, barua imeshafika kwenye majina mia moja na ishirini, wewe mmoja utabadilisha nini?” Sijui. Labda itabaki mia moja na kumi na tisa. Lakini kikao na idara ni wiki ijayo, na bado kuna siku za kufikiri.

Mwezi wa saba narudi kufundisha kwa vitendo, na nimeomba shule ileile. Yule binti atakuwa Kidato cha Nne, anajiandaa na mtihani wa taifa, na labda ameshaamua kwamba kemia ni somo la kukremu. Fuwele yangu inaning'inia kwenye uzi dirishani hapa chumbani, bloku ya wasichana, ghorofa ya pili, na sasa imefikia ukubwa wa punje ya hindi. Nitakwenda nayo, pamoja na modeli ya udongo na vijiti. Nitamwita, nitamwambia kwamba swali lake la mwaka jana lilikuwa zuri na kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui. Halafu tutahesabu maji pamoja: manne haya hapa, na la tano lile pale.

Nifutieni jina, namba 41.